Kofia ya Kocha Mungwe

Kocha Mungwe alipoketi kwenye benchi la wageni, mashabiki aliowatumikia miaka tisa hawakumshangilia wala kumzomea. Walimtazama tu.

"Siri zetu zote anazo," alisema Bi Somoe, mfuaji wa jezi za timu.

Dakika ya themanini, wakiwa bado sare, Mungwe alisimama akavua kofia. Bi Somoe alishtuka. Enzi zake, akivua kofia, mabeki walipanda kushambulia.

"Msimtazame! Si wenu tena!"

Lakini beki Mbaruku, aliyelelewa na Mungwe tangu utotoni, alikuwa ameshapanda. Mungwe alijifuta jasho, au alijifanya hivyo. Mshambuliaji wa wageni akachomoka na mpira, peke yake. Mbaruku hakumkimbiza. Alisimama katikati ya uwanja akimkodolea macho kocha, akingoja aambiwe la kufanya.