Penye Giza Pana Kitu

Twalibu hakuzitazama nyota. Kwa mara ya kwanza tangu anunue kamera yake, alizipita kama mtu anayepita duka lililofungwa. Macho yake yalikuwa kwenye ukingo wa chini wa kila picha, pale mbingu inapokutana na shamba la mihogo.

Alikuwa akitafuta mwanga wa tochi. Baba yake, Mzee Abdulwahab, alitoka nyumbani usiku, na sasa jua limeshapanda na hajulikani aliko. Tangu akili ianze kumtoka, mzee alikuwa akiamka na kusema anarudi kwao Kisarawe. Sindano yake ya sukari, ya asubuhi, ilikuwa bado mezani.

Nusu ya kijiji cha Soga ilikuwa porini ikimwita. Shabani, mdogo wake Twalibu, alishika njia ya Kisarawe na pikipiki. Twalibu alibaki na kompyuta, na mama yake, Bi Mwanaamina, aliketi kitandani nyuma yake akivuta tasbihi.

"Una hakika picha zitamwonyesha?"

"Kamera ilipiga usiku kucha, mama. Kama alipita na tochi, nitaiona."

Kamera ilikesha, kweli. Aliyeikimbia kazi ni yeye mwenyewe. Twalibu alikuwa mwalimu huko Sofu, mjini Kibaha, na nyumbani alikuja sikukuu hadi sikukuu. Safari hii mama alimwita aje ampokee zamu ya kumlinda mzee. Akaja, lakini na begi la kamera, kwa sababu Soga kuna giza zuri. Aliingia magharibi, akaenda moja kwa moja nyuma ya mikorosho kulipiga picha lile doa jeusi la angani, kando ya nyota za Msalaba wa Kusini. Majirani walimcheka: mtu mzima na elimu yake, anapiga picha giza!

Usiku ulipokomaa aliiacha kamera ijipigie yenyewe, akaja kujilaza kidogo. Usingizi ukambeba. Kabla ya adhana alikwenda kuichukua kwa kupapasa, bila taa kama desturi yake, na aliporudi akakuta kitanda cha baba kitupu. Watu walipomuuliza, aibu ilijibu badala yake.

"Shamba la nyuma msihangaike nalo. Nilikuwepo mwenyewe mpaka alfajiri."

Alifungua picha nyingine. Mihogo, kichuguu, nyota. Nyingine tena. Mihogo, kichuguu, nyota. Siku zote aliziunganisha picha zake kwa programu inayotupa kila kinachopita na kubakiza kilichotulia. Leo alikitaka hicho kinachopita, kwa hiyo ilibidi azifungue moja moja, kuanzia za usiku wa manane, alipokuwa usingizini.

Mapema usiku ule mzee alikuwa amemfuata shambani, tochi ikimulika huku na huku.

"Baba, zima! Unaniharibia picha!"

Alimfokea. Alimfokea baba yake mzazi, na mzee akazima haraka kama mtoto aliyekutwa akiiba sukari. Kisha akasimama gizani, uso juu, akauliza kama lile jeusi pale ni tundu.

"Si tundu, baba. Ni vumbi. Limekaa mbele ya nyota, likazificha."

"Kumbe penye giza ndipo penye kitu!" Mzee alicheka, akafurahi kweli.

Twalibu alimrudisha kitandani. "Ukitaka kuja tena njoo, lakini usije na tochi," alimwambia, ili tu alale.

Sasa angetoa kila picha aliyowahi kupiga maishani ili tochi ile iwake tena mara moja.

Ikawaka. Nukta ya njano, kulia kwa kichuguu. Katika picha iliyofuata ilikuwa imesogea, na katika nyingine ilizidi kwenda upande wa reli. Twalibu alipiga kelele, akampigia simu Shabani. Wito ukapita kijiji kizima, na watu wakaacha pori wakakimbilia relini.

"Ya Rabi," mama alinong'ona. "Ya Rabi, nirudishie mume wangu."

Walingoja. Chai iliyoletwa na jirani ilipoa bila kuguswa. Simu ilipolia, Twalibu aliidaka kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Kaka." Sauti ya Shabani ilikuwa imekauka. "Tochi ile ni ya Latifu, mlinzi wa reli. Alikuwa anaingia kazini. Anasema hakumwona mzee."

Twalibu alifunika uso kwa viganja akalia, mbele ya mama yake, kwa sauti, bila kujificha. Alilia kwa ajili ya baba, na kwa ajili ya usingizi wake, na kwa ajili ya neno lile alilomfokea. Halafu mkono ukarudi wenyewe kwenye picha. Mfa maji haachi kutapatapa. Mihogo, kichuguu, nyota.

Mama aliinuka, akainama begani kwake, akakaza macho.

"Hicho cheusi hapo ni nini?"

"Kichuguu, mama." Alijifuta machozi kwa mkono wa shati. "Kile nilichokuwa nakipanda utotoni."

Tasbihi ikasimama mkononi mwa mama.

"Twalibu, mwanangu. Kichuguu kile baba yako alikibomoa mwaka jana. Udongo wake ndio matofali ya chumba hiki, alichokujengea ili uwe unakuja."

Twalibu alirudi mpaka picha ya kwanza ya usiku ule. Mihogo na nyota, basi. Akaruka mpaka ya mwisho.

Kichuguu kilikuwa kimelala ubavu.