Mwanafunzi wa Bi Kaltham

Sauti iliyovuka ukuta ilikuwa ya Sista Jincy, na ilikuwa ikisema Kiswahili.

"Shikamoo, Bibi."

"Marhaba, mwanangu. Pita ndani, usisimame juani."

Sista Eusebia alibaki mbele ya kamba ya kuanikia, shuka lililolowa likimchuruzikia miguuni. Bi Kaltham alikuwa wake. Katika mtaa ule wote wa Nizwa, Omani, ni yeye aliyemgundua, siku aliposikia mama mtu mzima akimgombeza paka kwa Kiswahili cha Unguja. Toka hapo, akitoka zamu hospitali, hupitia kwa yule bibi wakala mkate wa ufuta, mmoja akisimulia Vuga, mtaa wa utotoni mwake Unguja, mwingine akisimulia Songea.

Sasa Jincy ameingia mpaka huko.

Maana alikwisha kumchukulia jambo jingine. Shirika lao la masista lilikuwa limeagiza kila nyumba iteue mmoja wa kuongoza vikao vya kung'oa ubaguzi wa rangi baina ya masista wenyewe. Eusebia hakuwa na shaka ni nani. Nyumba yao ilikuwa ya masista wauguzi, Wahindi na Wafilipino, na Mwafrika alikuwa yeye peke yake. Ni yeye ambaye mgonjwa aliukataa mkono wake usimguse. Ni yeye ambaye, alipokuwa mgeni nyumbani humo, alikuta kikombe chake kimetengwa kwenye rafu ya peke yake na hakuna aliyemweleza kwa nini. Alikwishapanga hata maneno ya kusema akiteuliwa.

Jioni, wakiwa mezani, Sista Rosario, mkuu wa nyumba, akamtaja Jincy.

Jincy! Kasichana ka Kerala, mdogo wao wote, anayeona haya hata kuomba apitishiwe chumvi.

"Kwa nini yeye?" Eusebia alimuuliza mkuu wake, walipobaki wawili.

"Aliomba mwenyewe. Alikuja kwangu analia, akasema kuna jambo angependa tujifunze sote." Sista Rosario alimtazama. "Wewe hukuomba."

Wivu ukamkaa Eusebia kooni kama mwiba wa samaki. Jincy akimsemesha, alimjibu kwa kichwa. Ijumaa, siku ya mapumziko huko, gari lilipowapeleka Maskati kwenye misa, alikaa kiti cha nyuma, akaegemea dirisha. Aliona wote wakimgeukia Jincy, wakimuuliza kazi yake mpya anaianzaje. Yeye hakuna aliyemuuliza lolote.

Kitu kimoja tu kilimpoza, kama kilivyompoza tangu alipofika Omani: simu. Baada ya chakula, yeye akiosha vyombo na Jincy akivikausha, humpigia dada yake Songea, akaibana simu begani na kumwaga yote ya moyoni kwa Kiswahili, akicheka, bila kupunguza sauti. Nani angeelewa? Jincy alifuta sahani zake na kutabasamu.

Siku moja hakuweza kuvumilia, akaenda kugonga kwa Bi Kaltham. Bibi alimfungulia, lakini hakuondoka mlangoni.

"Leo sikukaribishi, mwanangu. Nna wageni."

Hapakuwa na kiatu hata kimoja cha mgeni pale kizingitini.

"Naona umepata mwanafunzi," Eusebia alisema.

"Nimepata, alhamdulillahi. Ana bidii."

"Kiswahili anakitakia nini?"

"Aniuliza maneno, namjibu." Bi Kaltham alizungusha ncha ya mtandio wake kidoleni. "Unajua, sie tuliporudi huku, skuli wakituita Zinjibari. Marehemu baba akisema tusijali, jina tu hilo. Wallahi, Eusebia, halikuwa jina tu."

Eusebia alisikia jambo moja tu katika maneno hayo: hadithi hiyo ilikuwa imeandaliwa kwa ajili ya kikao cha Jincy.

"Mimi hukunisimulia hata siku moja," alisema.

"Sikuona haja," bibi alijibu, akafunga mlango taratibu.

Siku ya kikao cha kwanza, Jincy aliingia sebuleni amemshika Bi Kaltham mkono, akamkalisha ubavuni mwake. Eusebia alihisi damu inampanda. Alimwamkia bibi. Bibi aliitikia macho yakiwa kwenye sinia ya kahawa.

Jincy alisimama. Alianza kwa Kiingereza, lugha yao ya mezani.

"Nyumba hii kila mmoja hucheka kwa lugha yake, na wengine tunakisia. Kabla ya kumfundisha mtu, nimeona nijifunze lugha ya mmoja wa dada zangu. Nimemchagua yule ninayemheshimu kuliko wote."

Alimgeukia Eusebia.

Mwiba ule ukalegea. Eusebia alijiona mjinga kwa siku zote alizouguza wivu. Kumbe kasichana haka kalikuwa kakimtafuta yeye! Alitabasamu, macho yakamlowa, akasogea mbele kitini. Masista wote walikuwa wakimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu uteuzi ule aliona mahali pake ni hapo.

Kisha Jincy akaingia kwenye Kiswahili, polepole, kama mtu anayevuka maji kwa kukanyaga mawe.

"Dada Eusebia, Bibi amenifundisha kila neno nililomuuliza. Moja tu amekataa. Nikilitaja, analia. Amesema nikuulize wewe, kwa sababu ndivyo unavyoniita kwenye simu."

Alinyoosha kidole kimoja, kisha cha pili.

"Mhindi, najua. Koko maana yake nini?"