Nafasi ya Kilio cha Mjukuu

Siku hizi hatukumbuki kwa vichwa. Kumbukumbu za kila nyumba hukaa kwenye ghala la mtaa, kwa mgao, na wetu ulijaa. Mjukuu kazaliwa, kilio chake cha kwanza hakina pa kuwekwa. Nikaifuta sauti ya marehemu mume wangu, Shee, akiniita. Kipimo kikang'ang'ania: umejaa!

Nikampigia fundi wa ghala.

"Subiri, bibi, tunahesabu upya."

Kuhesabu huko kukachelewesha kumbukumbu za mtaa mzima. Binti yangu Mwanakombo alisimama na mwiko, hajui kama uji ameshautia sukari.

Adhuhuri fundi akapiga. "Tuwie radhi, bibi. Kipimo kilikosea. Nafasi ilikuwepo tele tangu mwanzo."

Tangu hapo nazunguka ua nikiitika, "Abee! Abee!" Sauti iliyokuwa ikiniita siikumbuki.