Mdomo wa Mamba

"Huu ni mdomo wa mamba," alisema karani, akichora kwa chaki juu ya meza ya jikoni alama mbili: > na <. "Ila mamba huyu mwoga, wifi. Kikubwa anakikimbia. Anaachama upande wa kidogo, akimeze bila taabu."

Wifi yake, mke wa kaka yake, alirudia mara tatu amefumba macho kama anayesali. Alikuwa ameanza masomo ya jioni akiwa na miaka arobaini na moja, na Ijumaa kulikuwa na mtihani kazini. Nafasi ya msimamizi wa ghala ilikuwa moja. Waliobaki kuiwania walikuwa wao wawili.

"Mungu akulipe, wifi. Mwingine angenificha."

"Mimi nikufiche? Si tunalala nyumba moja?"

Katika chumba cha pili mama yake karani alikohoa. Karani alinawa chaki, akaenda kumpima sukari. Ukutani, juu ya kitanda, daktari alikuwa amebandika karatasi: Sukari > 10, choma sindano. Kipimo kilisoma kumi na nne. Akamchoma insulini ya kuishusha, akamfunika vizuri miguu. Kazi hiyo hakumwachia mtu.

Ijumaa alichungulia majibu ya wifi yake, akauma midomo asicheke. Kila mtoto wa shule anajua mamba huachama upande wa kikubwa. Alama zote zilikuwa kichwa chini miguu juu.

Jumatatu karatasi hazikurudishwa. Lilisomwa jina moja tu, la karani. Wenzake wakamzuia kwa soda na vigelegele, akachelewa kurudi kwa saa mbili.

Wifi alimpokea mlangoni bila kinyongo. "Hongera, bosi! Mimi Mungu hakupenda. Lakini jasho lako halikupotea."

"Mama yuko wapi?"

"Taratibu, amelala. Alikuwa anatetemeka, jasho linamtoka, anakuita. Nikasema, nitakungoja mpaka lini? Nikampima: tatu. Nikasimama mbele ya karatasi ya daktari, nikaisoma mwenyewe." Alicheka kwa haya, kama msichana. "Mamba ameachama upande wa sukari, wifi. Nikamchoma. Tangu hapo ametulia kabisa."