Sakafu Iliyolala

Kipovu cha pima maji kilikimbilia pembeni. Baba yake Nalepo, fundi mstaafu, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, sakafu imelala upande. Isawazishe zege likiwa bado bichi."

Vibarua waliacha makoleo, wakamtazama Nalepo. Banda lilikuwa la ng'ombe wake mwenyewe, la nguzo za mkaratusi, na hilo ndilo zege lake la kwanza kulisimamia.

"Hapana, baba," alisema, akaendelea kuvuta rula ya mbao kuelekea mtaroni.

Mzee aliondoka bila kuaga. Kufikia jioni Olasiti nzima ilijua kwamba binti wa fundi kamwaga zege upande.

Wiki mbili baadaye baba yake alirudi na wazee wenzake wawili, pima maji kwapani. Nalepo aliwaamkia, kisha akamwingiza ng'ombe wa kwanza bandani.

Ng'ombe alinusa sakafu, akatanua miguu, akakojoa.

Wazee wakainama. Mkojo uliteremka kama umeitwa, ukapita katikati ya nguzo na kuishia wote mtaroni. Chini ya kwato palibaki pakavu.

Baba yake alijinyoosha, akawageukia wenzake.

"Mmeona?" alisema. "Huyu nilimfundisha mimi."