Maksai Aliyegeuka Santuri

"Weka mkono. Usiogope, haiunguzi," alisema fundi Respicius, dukani kwake Bariadi.

Masalu aliweka vidole juu ya santuri iliyokuwa ikizunguka, akaizuia, akairudisha nyuma, akaiachia. Mashine ilijikongoja kwanza ndipo ikashika mwendo.

"Umeona? Hiyo inaendeshwa na mkanda. Nzuri kwa kusikilizia nyimbo za Krismasi. Ukitaka kuskrachi kama DJ itakuaibisha mbele za watu. Haya, jaribu hii kuukuu."

Ile kuukuu ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia na imechubuka kila upande, lakini mota yake ilikaa chini ya sahani yenyewe, bila mkanda. Masalu akavuta, akasukuma, akaachia. Wimbo ukarudi papo hapo, na ule mkwaruzo aliouota miaka yote ukatoka kwenye spika. Mwili ulimsisimka. Kisha akamkumbuka baba yake, na msisimko ukaisha.

Maana pesa iliyokuwa mfukoni mwake, jana ilikuwa maksai. Alimtoa na wenzake kwenda malishoni, akamuuza barabarani kwa mchuuzi mwenye lori lililokuwa linaelekea Mwanza. Jioni akarudi na wengine, akasema mmoja amepotea porini. Na leo asubuhi ameaga nyumbani kwamba anakwenda mnadani Bariadi kumtafuta. Uongo juu ya uongo, na baba yake akamwambia tu, "Usijisumbue sana, ng'wanone, mwanangu."

Akichukua mashine ya mkanda, chenji ingetosha kununua ndama, na moyo ungepata pa kupumulia. Alisimama akizitazama zote mbili. Lakini mtu akishaiba huwa hachagui kibaya. Akachukua ile nzito.

"Unatoka wapi, kijana?" Respicius aliuliza akiifunga kwa kamba.

"Nkololo."

"Nkololo kuna watu waaminifu. Mimi Mhaya, nimefanya kazi mikoa mingi, lakini watu wa huko nawavulia kofia." Akamwongezea na sindano ya akiba, bure.

Masalu alishukuru akiwa ameinamia viatu vyake.

Nyumbani aliificha mashine chumbani kwake, chini ya magunia matupu ya pamba. Na hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa ya ajabu.

Msukuma akipotelewa na ng'ombe anapiga mwano. Ukelele unatoka mji mmoja, unadakwa na mji wa pili, na wanaume wanaacha hata ugali wanakwenda kufuata nyayo. Asiyetoka, sungusungu wanamtoza faini. Ndivyo ilivyo tangu mababu. Mzee Shigela, baba yake Masalu, hakupiga mwano.

Jirani yao Yakobo alikuja na fimbo mkononi. "Shigela, tunangoja nini? Nyayo bado zipo."

"Mwacheni. Ng'ombe ni mali tu, uhai ndio muhimu."

"Maksai wa kulimia, Shigela?"

"Nimesema mwacheni."

Yakobo aliondoka akitikisa kichwa. Masalu alikuwa akisikiliza nyuma ya zizi. Baba anajua, aliwaza. Anajua ni mimi, na ananifichia aibu. Afadhali angemchapa, kingeeleweka. Wema wa namna ile ulimla nyama za ndani.

Alijaribu kujifunza hivyo hivyo. Bila spika, sindano ilitoa kasauti kembamba tu, kwarukwaru, kwarukwaru. Mama yake, Felisita, akaisikia akipita uani.

"Masalu, chumbani kwako kuna panya. Nitakuwekea sumu."

"Sawa, mama," alisema, na kuanzia siku hiyo hakuigusa tena.

Kisha mvua za kupandia zikaanguka. Majirani wote waliingia mashambani na majembe ya kukokotwa. Maksai aliyebaki hakuweza kuvuta peke yake, na Mzee Shigela hakwenda kuazima kwa mtu. Akachukua jembe la mkono. Mama naye akachukua lake, na kiuno chake kile kibovu. Alilima akisimama kila baada ya hatua chache, ameshika mgongo, wala hakulalamika.

Masalu aliona inatosha. Alikwenda chumbani, akaitoa mashine, akaibeba kichwani mpaka shambani, akaitua kwenye tope mbele ya baba yake. Akapiga magoti.

"Baba, maksai hakupotea. Nilimuuza mimi, nikanunua hiki. Nisamehe. Najua ulijua, ukanisitiri."

Mzee Shigela aliiangalia mashine, kisha akamwangalia mwanawe. Uso wake haukuwa wa mtu aliyekuwa akijua.

"Wewe ndiye ulimuuza?"

"Mimi, baba. Nitairudisha leo hii. Fundi ni mtu mwema, nikimweleza ukweli wote atanirudishia pesa. Nitamwambia mimi mtoto wa Shigela wa Nkololo, nilimuibia baba yangu maksai."

"Fundi gani?"

"Respicius, yule Mhaya wa Bariadi."

Jembe lilimponyoka mzee. Akatazama upande aliko mke wake, akaona yuko mbali, akachuchumaa mpaka uso wake ukalingana na wa mwanawe.

"Usiende," alisema kwa sauti ya chini. "Ng'wanone, nakuomba, usiende kule ukataja jina langu. Yule maksai ni wa Respicius, ndiyo maana sikuthubutu kupiga mwano. Alimleta hapa nimtunzie. Mwaka juzi nilimwambia amekufa, nikampelekea ngozi ya ng'ombe mwingine, akanishukuru, akanipa na sukari nimletee mama yako."