Kilima cha Wavivu

Kila asubuhi mumewe alimfunga kamba za viatu kabla hajafunga za kwake. Leo aliviweka miguuni pake, akanyooka, akarudi nyuma.

"Funga mwenyewe."

Mke alidhani ni mzaha. Mkono wake wa kulia, uliokuwa ukishona sare za nusu ya watoto wa mtaa, tangu apatwe na kiharusi ulikuwa mzito kama wa mtu mwingine. Aling'ang'ana mpaka jasho likamtoka. Fundo la kwanza lilifunguka. La pili likashika.

"Umeona?" mumewe alisema, macho yakimng'aa. Mke hakuwa amemwona na furaha hiyo tangu siku yeye mwenyewe alipoanguka jikoni, sufuria mkononi.

Mumewe alishusha begi jeusi kutoka juu ya kabati. Lilikaa pale tangu siku ile, limejaa, zipu imefungwa, na kila mke aliposhindwa kujigeuza kitandani alilitazama. Begi la hospitali. Mumewe alikuwa tayari kumkimbiza saa yoyote. Mke hakuwahi kumuuliza; wema mwingine mtu huona haya hata kuushukuru.

"Leo tunapanda Kilima cha Wavivu," mumewe alisema, akalitia begi begani.

Kilima kilianzia nyuma ya nyumba za mwisho za mtaa. Hakikuwa cha kumtoa mtu pumzi: watoto walikipanda wakikimbizana, na upande wa pili kiliteremka taratibu hadi barabara kuu. Chote kilifunikwa na vichaka vifupi vyenye maua ya zambarau, vya kufika magotini.

Jirani yao, mama muuza maziwa, alikuwa akisuuza madumu yake nje.

"Shemeji! Ukichoka kumshika huyo, njoo unishike mimi!" Kisha akamgeukia mke. "Na wewe, hebu niambie umempa nini. Wangu mimi nikikohoa tu anahamia kwa mama yake."

Mke alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Mumewe hakucheka.

"Simama wima," alimnong'oneza. "Wakuone."

Walipanda. Mke aliegemea fimbo kwa mkono wa kushoto; mwanzoni mumewe alimshika kiwiko, baadaye kwa vidole viwili, halafu hakumshika kabisa. Alitembea kando yake akisema, "Kisigino kwanza. Usiburute. Vizuri." Matawi yalimkwaruza sketi. Katikati ya njia goti lilimlegea, akakaa chini juu ya maua.

"Nimechoka, mume wangu. Tumalizie kesho."

"Kesho hapana!" Mumewe alilisema kwa haraka mno, hata mwenyewe akashtuka. Akachuchumaa mbele yake, akamfuta jasho kwa kiganja. "Tukifika juu nitakuambia neno. Nimekaa nalo siku nyingi."

Mke alilijua neno hilo. Huyu hakuwa mtu wa maneno matamu. Hata alipomchumbia, alianza kwa kumtengenezea cherehani bila kuombwa. Miezi yote hii alikuwa amemwogesha, amemlisha, amemfundisha kuwasha jiko kwa mkono wa kushoto na kufungua mlango bila msaada, na hakulitamka hata mara moja.

Alishika fimbo yake, akainuka.

Juu kabisa palikuwa na upepo. Mumewe alimnyang'anya fimbo, akarudi nyuma hatua kadhaa na kutandaza mikono.

"Njoo. Usiangalie miguu, niangalie mimi."

Alikwenda. Akayumba, akajishika mwenyewe, akaendelea, hadi akakiegemeza kichwa chake kifuani kwa mumewe. Huko chini muuza maziwa alipiga vigelegele, na majirani wengine wakatoka kutazama. Mumewe aliwapungia mkono, akasubiri mpaka wote wakapunga. Ndipo akauchukua mkono wa kulia wa mkewe, akaweka ufunguo wa nyumba kiganjani, akamkunja vidole kimoja kimoja.

"Haya, niambie," mke alisema, akicheka na kulia.

"Siku uliyoanguka, begi hili lilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nimeshafika mlangoni." Alilirekebisha begani, akageukia upande wa barabara kuu. "Ningemwacha mgonjwa, watu wangenisema mpaka kaburini. Sasa wamekuona. Utashuka mwenyewe."